Jina Lako Linapelekwa Wapi?

Mazungumzo niliyoyatoa Jumapili jioni katika ukumbi wa chini wa kanisa, mjini Lancaster, Pennsylvania. Nimeyaandika kwa ajili ya wale waliokuwa zamu siku ile.

Wazee wetu, shikamooni. Mama zetu, shikamooni. Wenzangu, habari za jioni. Ndugu zangu wa msikitini, asalaam aleikum; na wenyeji waliotupa ukumbi huu, Bwana asifiwe.

Wengi humu mnanijua kwa sauti kuliko kwa sura. Mimi ndiye yule mwanamke wa kwenye simu. Unafika hospitali, muuguzi anabonyeza kitufe, inatoka sauti ya Kitanga: "Habari yako, mimi ni mkalimani, kila kitakachosemwa nitakitafsiri na kitabaki siri." Ndiye huyo. Kazi hii nina miaka 11 nayo, na leo nimefurahi kualikwa kwa sababu kazini sina mdomo wangu. Nikisema "mimi naumwa kifua," aliyeumwa ni wewe. Nikisema "mimi nitakuandikia dawa," ni daktari huyo. Leo nikisema mimi, ni mimi kweli.

Neno lililonileta ni moja: ripoti. Daktari wa hapa hulitamka jepesi tu, kama anavyosema nakupima presha. "Nitaripoti kwa jimbo." Mimi nikilivusha kwa Kiswahili naona uso wa mtu unafunga kama dirisha. Na simlaumu. Kwetu mtu haripotiwi kwa heri. Unaripotiwa kwa mwalimu mkuu, unaripotiwa kwa balozi wa nyumba kumi, unaripotiwa polisi. Na ndugu zetu mliokaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka 15, miaka 20, mnajua kuliko mimi kwamba jina likiingia kwenye karatasi usiyoielewa, linaweza kutoka kwenye karatasi ya posho.

Nimejaribu maneno mengine. "Atapeleka taarifa." "Atawajulisha." Uso unafunga vilevile.

Sasa nitawapa kisa. Nimekibadilisha. Umri, kiwanda, watoto, vyote nimevichanganya na vya watu wengine, kwa hiyo msianze kutazamana.

Baba mmoja anafanya kazi kiwanda cha kuku, zamu ya saa tisa usiku. Alfajiri moja akaanguka kwenye maegesho kabla hajaingia. Wenzake wakasema alikakamaa, akatetemeka, povu likamtoka. Gari la wagonjwa likaja. Mimi nilikuwa zamu, nikaitwa chumbani. Mkewe akafika na binti yao wa miaka 12, na binti ndiye alikuwa ameanza kutafsiri kabla sijaingia, maskini, anamwambia baba yake maneno ambayo mtoto hapaswi kuyabeba. Hilo tulikataeni. Hospitali inayopokea fedha za serikali ya Marekani inawajibika kukuwekea mkalimani bure. Mtoto akae nje anywe soda.

Mke akaeleza kwamba si mara ya kwanza. Miezi miwili nyuma aliamka akakuta mume ameuma ulimi na shuka limelowa. Daktari akasikiliza, akatazama vipimo, akasema: hiki ni kifafa, dawa zipo, wengi wanatulia kabisa. Kisha akasema: na kwa sheria ya jimbo hili lazima niijulishe PennDOT, idara ya usafirishaji.

Yule baba hakumtazama daktari. Alinitazama mimi. Akasema taratibu, kwa Kiswahili cha kwao Uvira, Kongo: "Dada, asijue kama miye naendesha motokari. Iache hapo."

Mnajua sheria ya kazi yangu? Kila neno linalotamkwa chumbani nalivusha, hata likiwa tusi, hata likiwa la kuniomba nisilivushe. Nikageuka nikamwambia daktari: "Mgonjwa anamwomba mkalimani asitafsiri kwamba anaendesha gari." Na baba yule alikuwa na Kiingereza cha kutosha kulielewa hilo.

Sijaisahau ile sura. Nilifika nyumbani nikashindwa kula.

Lakini sikilizeni jambo ambalo yeye hakulijua na mimi sikuwa na ruhusa ya kumfafanulia pale kitandani. Siri aliyotaka nimtunzie haikuwa na kazi. Sheria ya Pennsylvania haimwulizi daktari kama mgonjwa anaendesha. Inasema kila anayeruhusiwa kupima na kutibu maradhi, akimkuta mtu aliyevuka miaka 15 ana ugonjwa ulioorodheshwa kuwa unaweza kuharibu uendeshaji, apeleke taarifa kwa maandishi ndani ya siku 10. Jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani. Uwe na gari au uwe na baiskeli, jina linakwenda. Daktari asipopeleka, halafu mgonjwa wake akagonga mtu, naye anaweza kudaiwa sehemu ya lile janga. Akipeleka, sheria inamkinga, huwezi kumshitaki kwa kulipeleka. Ndiyo maana hata awe mpole kiasi gani, hapo hakuna kubembelezana. Hakukuchongea.

Inakwenda wapi, basi? PennDOT, na inaishia kwenye swali moja tu: huyu anafaa kuendesha au hafai. Sheria hiyohiyo imeandika kwamba taarifa ile ni ya siri na haitumiki kwa jambo jingine. Hilo ndilo swali ninaloulizwa kila mara kwenye korido, nikiwa nimeshavua kitambulisho: "Dada, je, uhamiaji?" Taarifa ile haikuandikwa kwa ajili yao.

Kinachofuata ni barua. Na hapa ndipo watu wetu wanapoumia, kwa sababu barua inakuja kwa Kiingereza, ina nembo ya jimbo, inafanana na zile za bima, inawekwa juu ya friji. Barua ile inasema leseni yako inarudishwa kwa jimbo. Neno lao si lile la kunyang'anywa kwa makosa, ni la kuitwa irudi. Ukiendelea kuendesha na barua iko juu ya friji, hapo sasa unaingia kwenye makosa ya kweli, ya polisi na mahakama. Barua ya PennDOT ikifika mpe mtu aisome siku hiyohiyo.

Kwa kifafa, kipimo cha Pennsylvania ni miezi 6 bila kuanguka. Si maisha. Wangapi humu mlidhani ni maisha? Naona mikono. Miezi 6 ikitimia, daktari anajaza fomu, leseni inarudi. Na ipo milango midogo ambayo wengi hawaambiwi, kwa hiyo mwulizeni daktari mkiwa bado chumbani: kama umekuwa ukishikwa usingizini tu, na imekuwa hivyo kwa miaka 2 au zaidi, kama kwa miaka 2 au zaidi unapata dalili ndefu ya kukutahadharisha kabla hujashikwa, kama ulianguka kwa sababu daktari mwenyewe alikubadilishia au kukuondolea dawa, au ulianguka kwa maradhi ya kupita yasiyotarajiwa kurudi. Hayo yanaweza kufupisha safari. Sukari nayo imo katika orodha ya maradhi ya kuripotiwa, kwa wale ambao inashuka ghafla hadi wanapotea akili. Macho yamo.

Wenye malori, nawaona mmekaa nyuma. Kwenu ni habari nyingine, maana mnavuka majimbo na mnatawaliwa na sheria ya shirikisho. Kile kipimo cha kadi yenu ya afya, kinachodumu si zaidi ya miaka 2, kinauliza kifafa waziwazi, na aliyewahi kukutwa nacho haendeshi lori la kuvuka majimbo mpaka aombe ruhusa maalumu, na ruhusa hiyo inataka miaka 8 bila kushikwa. Miaka 8, si miezi. Najua inauma. Lakini lipo la kufurahisha: wanaojidunga insulini, ambao zamani walilazimika kuomba msamaha maalumu, tangu mwishoni mwa 2018 wanaweza kupata kadi kama daktari wao anathibitisha sukari imetulia. Nimewatafsiria madereva wawili waliokuwa wanaficha sindano mpaka leo, kwa kuogopa sheria ambayo haipo tena.

Mtaniuliza, wewe mkalimani unaionaje sheria hii. Kazini sina maoni, hapa ninayo. Majimbo yanayomlazimisha daktari kupeleka majina ya wenye kifafa au kupoteza fahamu ni 6 tu: California, Delaware, Nevada, New Jersey, Oregon na hili letu. Kwingine, kama hapo Maryland kusini kwetu, daktari anaruhusiwa lakini halazimishwi. Chama cha madaktari wa mishipa ya fahamu cha Marekani kilisema mwaka 2007 kwamba kinapendelea daktari aachiwe aamue. Na sababu yao naiona kila wiki. Mtu anaanguka kazini, anafika hospitali anasema "nilikuwa na njaa." Anasema "nilisinzia." Mimi navusha: nilikuwa na njaa. Daktari anaandika: hakula. Mtu anarudi nyumbani na ushauri wa kunywa chai yenye sukari, wakati anachohitaji ni vidonge vya kifafa. Mimi ningeichagua ile ya Maryland. Ila siendeshi nchi, naendesha Corolla. Na nina jirani ambaye mtoto wake anavuka barabara kila asubuhi kwenda kituo cha basi la shule, kwa hiyo wanaotetea sheria hii siwaoni wajinga.

Na kuna hofu nyingine chini ya hii ya leseni, tusijidanganye. Neno kifafa lenyewe. Kwetu mtu akianguka watu wanakimbia, wakiogopa povu. Kule Mahenge, Morogoro, ambako kifafa ni kingi kuliko sehemu nyingi za dunia, mgonjwa alikuwa akitengewa sahani yake. Povu haliambukizi. Ni mate. Mtu akianguka mlaze ubavu, ondoa vitu vinavyoweza kumwumiza, usimtie kijiko mdomoni, tazama saa. Ikipita dakika 5 piga 911. Yule baba, niliona, alipoambiwa leseni alinitazama vibaya, lakini mkewe aliposikia neno kifafa ndipo alipolia.

(Hapa tulisimama kidogo kwa chai. Tuliporudi, mzee mmoja wa Kikongo akauliza swali, nami nikaona heri nilijibu palepale kuliko kufuata karatasi yangu.)

Mzee anasema: yeye anawinda, ana bunduki ya kulungu, kaipata kihalali. Kwa wageni wetu: kuwinda kulungu hapa ni jambo kubwa, ziko shule zinazofungwa kwa ajili ya msimu wake. Anauliza: mtu akianguka kifafa, wakachukua leseni ya gari, watakuja na kwa bunduki?

Hapana, mzee wangu. Sheria ya bunduki haina habari na kifafa. Mtu anaweza kupokea barua ya PennDOT asubuhi, akaambiwa usiguse usukani kwa miezi 6, na mchana huohuo akapanda basi akaenda duka la silaha, akanunua, na hakuna kitakachoonekana kwenye kompyuta. Hizi ni njia mbili tofauti na zinakwenda kinyume. Ya gari inafuata ugonjwa. Ya bunduki haifuati ugonjwa kabisa, inafuata amri.

Nifafanue. Ukienda dukani kununua bunduki unajaza fomu ya shirikisho, halafu mwenye duka anauliza kwenye mfumo. Mfumo wa taifa uko chini ya FBI, ulianza kazi Novemba 1998, na unatokana na sheria ya 1993 iliyopewa jina la James Brady, msemaji wa Rais Reagan aliyepigwa risasi ya kichwa siku Reagan alipovamiwa, Machi 1981. Hapa Pennsylvania mwenye duka anaulizia kwa polisi wa jimbo. Jibu linarudi: endelea, subiri, au hapana. Kwenye ile fomu kuna swali la akili. Sheria yenyewe ni ya 1968, na neno walilolitumia, nikilivusha kama lilivyo, litatoka "punguani." Sitalivusha hivyo kamwe, lakini mjue ndivyo lilivyoandikwa mpaka leo. Swali ni hili: je, umewahi kutamkwa na mahakama au mamlaka ya kisheria kuwa hivyo, au kulazwa kwa nguvu ya sheria katika hospitali ya akili?

Kulazwa kwa nguvu ya sheria. Shikeni hapo.

Kwa hiyo ukimwambia daktari kwamba hulali, kwamba unaota vita vya kule Minembwe, Kongo, unasikia risasi kila mlango ukigongwa, akakuandikia ni sonona au ni majeraha ya vita rohoni, hilo haliendi popote. Dawa za usingizi haziendi. Kuonana na mshauri kila Alhamisi hakuendi. Hata ukijipeleka mwenyewe hospitali ya akili, ukatia saini mwenyewe, ukalala wiki mbili, kwa sheria za hapa hilo halikuingizi kwenye orodha ya waliokatazwa bunduki. Nimewasikia wanaume wazima wakikataa kumwambia daktari kwamba wanataka kufa, kwa kuogopa orodha. Mtu alinong'ona baada ya daktari kutoka: "Dada, nikisema wataniandika." Nami nimefungwa mdomo, siruhusiwi kushauri. Nikasema tu, "Ukitaka, mrudishe daktari umwulize hilohilo." Akamrudisha. Mungu ni mwema.

Kinachopeleka jina ni karatasi inayoitwa 302. Wenyeji wanaisema kama kitenzi, "walim-302." Ni kifungu cha sheria ya afya ya akili ya jimbo, ya mwaka 1976. Mtu akiwa hatari kwake mwenyewe au kwa wengine, na hatari hiyo imeonekana ndani ya siku 30 zilizopita, na hataki matibabu, basi daktari, polisi, au mtu yeyote wa kuaminika anaweza kuomba achukuliwe. Anapelekwa, daktari anamwona ndani ya saa 2, na anaweza kushikiliwa hadi saa 120, siku 5 kamili. Hakimu hayumo katika siku hizo 5. Anaingia kama wanataka kumweka zaidi. Lakini kwa upande wa bunduki, sheria ya jimbo haimsubiri hakimu. Ile 302 yenyewe ikikamilika, jina linakwenda polisi wa jimbo. Ugonjwa hauendi, dawa haziendi. Jina na kwamba alilazwa. Na karatasi ya kujipeleka mwenyewe inaitwa 201. Ndiyo tofauti yote: 201 na 302.

Ninaye mama mmoja moyoni. Yeye nimemwomba ruhusa, akasema niseme ila nisimtaje. Kijana wake wa miaka 20 aliacha kulala, akaanza kujibizana na watu wasiokuwepo, usiku mmoja akaweka kisu shingoni mwake. Mama akapiga simu. Mkalimani wa usiku ule sikuwa mimi. Watu wa dharura wakamletea karatasi, wakamwambia tia saini ili asaidiwe. Akatia. Alidhani ni kama karatasi ya kukubali upasuaji. Kijana akachukuliwa, akatibiwa, akapona vizuri. Baada ya miaka miwili akapata kazi ya ulinzi, ikatakiwa awe na bastola. Akaenda dukani. Hapana. Ndipo akajua kwamba saini iliyomfungia ni ya mama yake. Walikaa miezi bila kusemezana nyumba moja.

Ningemwambia nini mama yule? Kwamba alifanya sawa. Mwanawe yu hai, anakula ugali wake. Lakini alikuwa na haki ya kuambiwa karatasi ile ina mkono mrefu kiasi gani, na kama kijana alikuwa bado anasikia la kuambiwa, pengine dakika 10 za mkalimani mzuri zingetosha atie saini mwenyewe ya 201. Hizo dakika 10 ndizo ninazozidai kila mahali ninapokwenda. Na kwa aliyekwisha kufungwa, mlango upo: anaweza kuomba mahakama ya kaunti imrudishie haki yake. Kijana yule ana wakili sasa. Aliye na bunduki nyumbani wakati 302 inapomkuta anapewa muda, usiozidi siku 60, wa kuziuza au kumkabidhi mtu anayeruhusiwa ambaye hakai naye nyumba moja. Si mke, si kaka wa chumba cha pili.

Mama Furaha pale ananitikisia kichwa, anaona naisema sheria hii kama naipenda. Niwaambie ilikotoka ukali wake. Chuo kikuu cha Virginia Tech, tarehe 16 Aprili 2007. Mwanafunzi mmoja aliua watu 32 kwa bastola mbili, na zote mbili alizichukulia dukani, akajaza fomu, akaulizwa kwenye mfumo, jibu likarudi endelea. Wakati Desemba 2005 mamlaka ya sheria kule Virginia ilikuwa imeshamtamka kuwa hatari kwa nafsi yake na kumwamuru atibiwe. Sasa kwa nini mfumo haukumjua? Kwa sababu aliamriwa atibiwe akitokea nyumbani, hakulazwa, na Virginia ilikuwa na desturi ya kupeleka majina ya waliolazwa tu. Karatasi ilikuwepo, imeandikwa, imetiwa saini, imekaa kwenye jalada. Kabla Aprili haijaisha Gavana Tim Kaine alitoa amri ya kuziba tundu lile, na Januari 2008 Bunge la taifa lilikuwa limeshapitisha sheria ya kuyasukuma majimbo yapeleke majina. Pennsylvania yenyewe ilichelewa. Mwanzoni mwa 2013 ndipo ilipopeleka mamia ya maelfu ya majina kwa mkupuo. Fikirini ni watu wangapi walilala bila kujua kwamba usiku ule majina yao yamesafiri.

Mkono mwingine umewahi kuzidi, ukarudishwa. Desemba 2016 serikali ya Marekani ilitaka kuyaingiza majina ya watu wapatao 75,000 wanaopokea fedha za ulemavu wa akili na ambao fedha zao husimamiwa na mtu mwingine. Hakuna aliyekuwa amewatamka kuwa hatari, walikuwa tu hawawezi kusimamia hesabu. Bunge likaifuta kanuni ile, Rais Trump akatia saini Februari 2017. Watu wa bunduki walishangilia, lakini hata watetezi wengi wa walemavu walishangilia nao. Mimi pia nilikuwa upande huo, na si kawaida yangu kusimama nao.

Neno moja kuhusu hati zetu. Mwenye viza ya muda, mwanafunzi au mtalii, kwa kawaida haruhusiwi kununua bunduki, na misamaha ni michache. Mkimbizi na mwenye grini kadi hawamo katika katazo hilo. Na kwenye fomu ya bunduki usidanganye kwa kudhani ni karatasi tu ya dukani. Uongo pale ni kosa la jinai la shirikisho, na kwa asiye raia sihitaji kuwaeleza jinai inaleta nini.

Sasa yale ambayo hakuna fomu inayoyagusa. Zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki nchi hii ni vya watu waliojiua. Mfumo unamwuliza anayenunua leo. Haumwulizi aliyenunua mwaka juzi akiwa mzima, na leo amefukuzwa kazi, mke ameondoka, anakaa gizani sebuleni. Bunduki iko kabatini kihalali kabisa. Hapo hakuna daktari, hakuna PennDOT, hakuna polisi. Ni wewe shemeji yake. Mwambie, "Kaka, nikuwekee hiyo kitu kwangu kwa muda." Ila bastola katika jimbo hili haihamishwi mkononi hivihivi kwa mtu baki, hupitia duka lenye leseni au kwa sherifu wa kaunti, bunduki ndefu ina wepesi kidogo. Ulizeni kabla ya kubeba. Risasi, ufunguo, kufuli, hivyo ondoa hata leo usiku. Na namba 988, simu ya msaada kwa anayefikiria kujiua, ipo saa zote. Ukipiga omba mkalimani wa Kiswahili. Pengine nitakuwa mimi.

Nimepewa ishara ya muda, namalizia na jambo la magari.

Kuna watu katika jumuiya yetu, sisemi wangapi na sisemi humu au nje, ambao leseni zao ziko kwa PennDOT kule Harrisburg hivi sasa na miezi yao haijatimia. Wanatakiwa kiwandani saa tisa usiku, na saa tisa usiku hakuna basi. Mnajua mtu wa namna hiyo anafanya nini. Anaendesha. Anapita njia za mashambani, taratibu, kwenye barabara zenye mikokoteni ya farasi ya Waamish, wale Wakristo wasioendesha magari, akiomba asishikwe, na kila maana ya neno hilo imo.

Pale mlangoni nimeweka daftari la bluu. Anayefanya zamu ya alfajiri upande wa New Holland, au Leola, au Ephrata, na ana nafasi ya mtu mmoja kwenye gari, aandike jina lake, saa anayotoka, na anakopitia. Daftari litakaa kwangu peke yangu. Nitakayemleta kwako sitakwambia kwa nini hana gari, nawe usimwulize. Yeye mwenyewe akitaka atasema mkiwa njiani. Kalamu ziko mbili, moja imegoma, tumieni ile nyekundu.